Kiwanja Tuliuza, Ndoa Hatukuiuza

Ukimwambia mtu umepata chuo Ulaya, kitu cha kwanza anachokiona ni ndege. Cha pili ni theluji. Cha tatu ni zile picha utakazokuwa unatuma, umevaa koti refu, nyuma yako jengo la kizamani lenye saa kubwa. Mashoga watakupongeza, ndugu watakutajia saizi zao za viatu, na kazini watakufanyia kasherehe ka soda na keki. Swali moja tu ndilo watu hulikwepa mbele yako na kulijadili ukishatoka: sasa huyo mwenzake anamwachaje?

Mimi niliondoka Dar mwanzoni mwa Oktoba 2024, nikiwa mke wa mtu kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Nilikwenda Bayreuth, Ujerumani, kusoma shahada ya uzamili ya mambo ya mazingira, miaka miwili. Mume wangu alibaki Tabata, kwenye nyumba yetu ya kupanga. Mtoto hatujapata bado, jambo ambalo kwa wengine lilikuwa nafuu na kwa wengine, hasa upande wa mashangazi, lilikuwa kesi kamili. Haya ninayokusimulia ni ya ile miezi ya mwanzo, ambayo wengi wakirudi nyumbani huiruka na kukimbilia hadithi za theluji.

Milioni thelathini na ushei

Tuanze na fedha, maana ndoa nyingi za siku hizi zinatikisikia hapo. Vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada ya masomo, hata kwa sisi wageni. Unalipa mchango wa muhula, basi. Yapo maeneo yasiyofuata hivyo: jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, tangu 2017 linawatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Bayreuth iko jimbo la Bavaria na kozi yangu haikuwa na ada, kwa hiyo nilisalimika.

Lakini bure ya Mzungu ina masharti yake. Kama huna skolashipu wala mdhamini, ubalozi unataka uoneshe kwamba utaweza kujilisha. Njia iliyozoeleka ni akaunti iliyofungwa. Unaweka fedha ya mwaka mzima kabla ya kupewa viza, halafu ukishafika unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Na iwepo yote kwa mkupuo, siyo mambo ya "nitamalizia mwezi ujao".

Akiba tulikuwa nayo, haikufika hata nusu. Tulichokuwa nacho ni kiwanja Kigamboni, tulichokinunua mwaka wa kwanza wa ndoa. Tulishapanda michungwa miwili na kupanga matofali ya kuanzia. Usiku mmoja mume wangu akaniambia, "Kiwanja kitapatikana kingine. Nafasi hii ikipita, imepita." Tukauza. Msomaji, naomba ukiweke hicho kiwanja akilini, maana kilikuja kuzungumza baadaye.

Karatasi mpaka basi

Safari yenyewe ilikuwa Dar, Addis Ababa, kisha usiku kucha angani hadi Frankfurt. Kutoka hapo treni hadi Nuremberg, halafu treni nyingine ya kama saa moja hadi Bayreuth. Ni mji mdogo, watu wake ni 70,000 na kitu. Wapenzi wa opera duniani wanaujua kwa sababu ya Richard Wagner. Kila Julai na Agosti kunakuwa na tamasha la kazi zake na mji unafurika. Oktoba hakuna tamasha. Kuna ukungu, majani ya njano yaliyolowa barabarani, na watu wanaotembea kama wamechelewa wakati hawajachelewa.

Wiki ya kwanza hukai ukaangaa mandhari. Unahangaika na karatasi. Ukishahamia kwenye chumba chako, una wiki mbili za kwenda ofisi ya mji kuandikisha makazi, ukiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli unakaa kwake. Cheti unachopewa ndicho funguo ya mengine, kuanzia benki mpaka kibali cha ukaazi. Bima ya afya ni lazima, na kila mwezi inakula zaidi ya euro 100. Chumba changu kilikuwa karibu euro 300. Halafu kuna mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa kila nyumba kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Sisi tulikuwa wanne kwenye nyumba moja, kila mtu akatoa euro 4.59. Ukishatoa hayo yote, zile 992 zinaanza kukonda mbele ya macho yako.

Ndiyo maana huko hakuna anayetupa chupa ya plastiki. Ukinunua maji au soda, senti 25 ni rehani ya chupa, unarudishiwa ukiirejesha kwenye mashine dukani. Chupa kumi ni euro 2.50, na euro 2.50 ni mkate na mabadiliko yake. Utamwona mtu mzima, msomi, kabeba mfuko wa chupa tupu unaogongana njia nzima, na wala hana habari na mtu.

Taratibu za ndani ya nyumba nazo ni somo linalojitegemea. Takataka zinatenganishwa: karatasi kwake, maganda ya chakula kwake, vifungashio kwake, na chupa za vioo unazipeleka kwenye mapipa ya mtaani kwa rangi zake. Dirisha lazima lifunguliwe wazi dakika chache kila siku, hata kama nje kunaganda, la sivyo ukuta unaota kuvu. Kuanzia saa nne usiku ni ukimya. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa kisheria, kwa hiyo Jumamosi jioni ndiyo siku ya kujua kama chumvi imebaki au imeisha.

Darasani kuna ya kwao pia. Mhadhara ukiandikwa saa nne asubuhi, mara nyingi unaanza saa nne na robo, na hiyo robo ni mila ya vyuo vyao tangu zamani. Nilicheka peke yangu. Kumbe na wao wana "saa za Kiafrika", tofauti ni kwamba zao zimepimwa! Mwalimu akimaliza, hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Na alama zimegeuzwa: 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 umeponea chupuchupu, 5.0 umeanguka.

Halafu siku moja, kwenye korido, nikasikia, "Habari za asubuhi?" Nikageuka. Msichana wa Kijerumani, nywele za rangi ya mahindi, Kiswahili kimenyooka. Bayreuth wanafundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kwa miongo kadhaa wameandaa kongamano la wataalamu wa lugha yetu. Mwandishi wa Zanzibar Said Ahmed Mohamed, yule wa Utengano na Asali Chungu, alikuwa profesa hapo hapo. Siku hiyo nilirudi chumbani nikiwa mrefu kidogo.

Saa zinaposogezwa

Mimi na mume wangu tulikuwa na mpango wetu. Kila siku saa tatu usiku ya Dar, simu ya video, hata dakika kumi. Oktoba tulipishana saa moja tu, mpango ukaenda vizuri. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Ulaya karibu nzima ikarudisha saa nyuma. Wao wanafanya hivyo kila mwaka, na Machi wanazisogeza tena mbele. Ghafla tukawa tunapishana saa mbili.

Unaweza kuona saa moja si kitu. Subiri. Kozi yangu ya Kijerumani ilikuwa ya jioni, inaisha saa mbili kasorobo. Nikitoka hapo, Dar ni saa nne kasorobo usiku. Mume wangu anafanya kazi Posta, anaamka saa kumi na nusu alfajiri kuiwahi foleni. Kwa hiyo mimi nikipiga nimechangamka, yeye anapokea akiwa nusu usingizini. "Mmh. Sawa. Umekula?" Basi. Siku tatu, nne, wiki. Mazungumzo ya ndoa yakabaki kama taarifa ya hali ya hewa.

Na hali ya hewa yenyewe ndiyo hiyo. Desemba jua linachomoza saa mbili asubuhi na kitu na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Siku ya mawingu huna hakika hata kama limetoka. Mwili unachoka bila kufanya kazi. Nilimweleza yote haya, akaniambia, "Vumilia mama, ndiyo shule." Kauli nzuri, lakini ilikuwa na kitu nyuma yake ambacho sikukijua bado.

Mtu wa chumvi

Kwenye ile nyumba yetu ya wanafunzi tulikuwa wanawake wawili na wanaume wawili. Kila mmoja na chumba chake na ufunguo wake, jiko la pamoja. Huko ni jambo la kawaida kabisa, hakuna anayelishangaa. Mume wangu nilimwambia tangu siku ya kwanza, akasema sawa.

Jioni moja ya Novemba nilikuwa nasonga ugali, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, tunaongea. Unga wenyewe ni ule wa mahindi wanaouita polenta, na mchicha wangu ni spinachi ya barafu. Akaingia mwenzetu mmoja, kijana wa fizikia, akauliza kitu, nikamjibu, akacheka, akatoka.

"Huyo nani?"

"Mwenzetu wa humu ndani. Si nilikwambia?"

"Saa hizi?"

"Huku ni saa mbili tu, baba."

"Anatafuta nini?"

"Chumvi."

Kimya. Halafu akasema, "Haya, mpe chumvi yake," simu ikakatika.

Siku tisa, jamani. Natuma ujumbe, alama mbili za buluu zinatokea, jibu hakuna. Nikipiga, inaita mpaka inakata. Nilikwenda darasani, niliandika ripoti za maabara, nilirudi, nililala. Usingizi wa kuibia ibia. Mtu akiwa Tabata na wewe uko Sinza, unachukua daladala unakwenda kugonga mlango. Ukiwa Bayreuth unagonga wapi?

Siku ya kumi, alfajiri, ukaingia ujumbe wa sauti. Dakika kumi na moja. Akasema, "Mimi najua huna chochote na huyo mtu wa chumvi. Siyo yeye." Ndipo yakamtoka. Kaka yake alimwambia mbele ya watu kwamba ameuza ardhi ili kumnunulia mke tiketi ya kumkimbia. Kijiweni wanamwita "Bwana Visa". Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hana. Alipokuwa anapita Kigamboni alikuta mnunuzi kashakata ile michungwa. Haya yote alikuwa anayabeba peke yake wiki nzima nzima, kwa sababu, kwa maneno yake, "mwanaume gani analalamika kwa mke aliyemsomesha mwenyewe?"

Nililia, halafu nikanawa uso, nikamjibu. Sikumbembeleza. Nilimwambia, "Ukitaka nirudi, sema. Nitarudi, na sitakulaumu. Ila iwe ni wewe umesema, siyo kaka yako." Na nilimaanisha. Muhula ulikuwa haujafika hata nusu. Kurudi maana yake ni kiwanja kimekwenda na shahada imekwenda. Lakini kubaki huku mume amekwenda, hiyo nayo ni hesabu gani?

Alichukua siku nzima kujibu. Sikula siku hiyo. Usiku akaandika: "Malizia. Ila mimi nisiwe mtu wa kuambiwa. Niwe mtu wa kuona."

Kuona, siyo kuambiwa

Sentensi hiyo ndiyo iliyotuokoa. Tuliacha kupigiana simu za "umekula". Badala yake, Jumamosi mchana nikiwa napika, naiwasha simu naiweka juu ya friji, naendelea na shughuli zangu. Yeye kule anafua au anaangalia mpira, na simu yake iko wazi. Wakati mwingine nusu saa inapita hatujasemeshana. Akawajua wote wa nyumba ile, nani anapika vitunguu vingi, nani haoshi sufuria. Yule kijana wa fizikia nilimfundisha salamu. Siku ya tarehe 6 Desemba, ambayo huko ni sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi na watu hutiliana chokoleti kwenye viatu mlangoni, akachungulia kwenye kamera akasema, "Shikamoo!" Mume wangu, ambaye hawamzidi hata kwa miaka sita, akaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito kama mzee wa kanisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Krismasi mji ulifungwa. Kuanzia mchana wa tarehe 24 maduka yanafunga, tarehe 25 na 26 ni sikukuu, na wenzangu wote walikwenda kwao. Nyumba nzima nikabaki mimi na friji inayounguruma. Mume wangu alikuwa kwao Moshi, maana Mchagga na Desemba unajua tena. Wakanipigia wakiwa uani, moshi wa nyama umetanda, ukoo mzima umekaa, na kaka mtu yumo. Mama mkwe akaomba simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

"Kali, mama."

"Vaa soksi mbili. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Hakurudisha simu. Aliishikilia, akawageukia waliokaa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu ni mke wetu. Yuko shule. Mwenye neno aniletee mimi." Hakuna aliyeleta.

Habari ya kiwanja

Fedha haikujitatua yenyewe. Mume wangu alitaka nianze kubeba maboksi mara moja ili turudishe ardhi. Sheria inaruhusu: tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Mimi nilikuwa na mitihani Februari. Tulivutana wiki mbili, safari hii kwa sauti na siyo kwa kimya. Tulipofika: muhula wa kwanza sigusi kazi, mitihani kwanza. Kuanzia wa pili, saa chache kwa wiki kama msaidizi chuoni, kazi ambayo haihesabiwi kwenye zile siku 140. Malipo yote yanakwenda kwenye akaunti moja yenye majina yetu wawili. Kodi ya Tabata tuliikata: yeye akahamia chumba na sebule, cha bei ndogo.

Naye akaanza Kijerumani cha hatua ya kwanza pale Goethe-Institut, Dar. Mwenzi wa mwanafunzi anaweza kuomba kumfuata, lakini kwa kawaida anatakiwa awe na lugha ya kuanzia, na wewe uoneshe fedha ya kuwatosha wote. Hatujui kama tutafika huko. Anasema hata tusipofika, angalau atajua huyo mtu wa chumvi anasema nini.

Kabla mmoja wenu hajapanda ndege

Kama mpo kwenye mpango kama wetu, kaeni mezani mzungumze haya:

Fedha inatoka wapi, na kilichouzwa kitarudishwa na nani, lini. Msiseme "tutajua huko mbele".

Saa ya kuongea, ya majira yote mawili. Tofauti ya Tanzania na Ujerumani ni saa moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi.

Malazi. Kama jiko ni la pamoja na wanaume wamo, mwenzako alijue kabla, halafu awaone kwa sura mapema.

Nani atasema na ndugu. Kila mmoja azungumze na wa upande wake. Maneno ya shemeji hayajibiwi kwa WhatsApp.

Na hili la mwisho: anayebaki naye ana ugeni wake. Anarudi kwenye nyumba ile ile ambayo si ile tena, na kila mtu anamuuliza habari zako, hakuna anayemuuliza zake. Muulize wewe.

Naandika haya nikiwa nimebakiza tasnifu. Akaunti yetu haijafika bei ya kiwanja kingine Kigamboni, bei zenyewe hazisubiri mtu. Lakini wiki iliyopita mume wangu alinitumia picha ya eneo moja huko Kibaha, majani yamefika kiunoni, hakuna hata barabara. Chini yake kaandika: "Hapa michungwa itaota?" Nikamjibu ataje bei kwanza.